Tovuti ya Shamba la Viungo Huanzia Shambani

Ukitaka kumtengenezea tovuti mwenye shamba la viungo Kizimbani, Unguja, kompyuta iache mjini. Chukua daftari, panda daladala, fuatana na kundi la wageni tangu wanaposhuka garini mpaka wanaponunua sabuni ya mchaichai na kwenda zao. Vijana wengi wa fani hii hufanya kinyume. Simu ya kazi ikiingia tu, usiku huohuo wanaanza kuandika programu, na wiki ya pili wanamwonyesha mwenye shamba ukurasa wa mbele wenye picha ya machweo ya ufukwe wa Nungwi. Nungwi na viungo wapi na wapi?

Si kwamba Kizimbani haina ya kuandikwa. Hapa palikuwa na shamba la Saleh bin Haramil, anayetajwa miongoni mwa walioleta mkarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Sultani Seyyid Said hajamnyang'anya shamba hilo. Hamamu la enzi hizo lipo. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar ipo, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundishia kilimo hapahapa. Yote yana nafasi yake, lakini mgeni aliyelala hoteli ya ufukweni Paje, simu mkononi, anauliza mengine: ni bei gani kwa mtu, usafiri umo, ziara inachukua muda gani, mtoto analipa?

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye shamba ni tovuti ifanye kazi gani. "Tunataka iwe nzuri" si jibu. "Tunataka wageni waweke nafasi kwetu moja kwa moja, bila kupitia kwa papasi, madalali wa watalii, wa Forodhani" ni jibu, na likishaandikwa juu ya daftari nusu ya mapambo hujifuta yenyewe.

Kisha mtazame mwongoza wageni anavyofanya kazi. Anapasua kungumanga kwa kisu, anaonyesha basibasi jekundu lililoikumbatia mbegu, anaipitisha mkono kwa mkono. Wageni wakizidi, wa nyuma hawaoni kitu. Muulize wakifika wangapi anaona wamezidi. Idadi hiyo ndiyo mpaka wa fomu yako ya kuweka nafasi. Nani anazungumza Kiitaliano, na siku gani yupo? Nenda na jikoni. Mpishi wa pilau anataka kujua tangu usiku wa kuamkia siku hiyo watu wangapi watakula, basi fomu lazima ifungwe kabla ya hapo. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kinakuwaje, na kalenda ya tovuti itaujuaje mwezi unaosubiri kuandama? Mwongozaji akisema ziara ni saa tatu asubuhi, mgeni anasoma saa 9:00, na mtambo unaohifadhi tovuti huenda uko Ulaya na saa yake nyingine kabisa. Amueni mapema ipi itahifadhiwa na ipi itaonyeshwa. Aliyeweka nafasi asipotokea, je? Hakuna programu itakayokubunia majibu haya. Usipouliza utayajibu mwenyewe kwa kukisia, na kisio lililokwisha kuingia kwenye programu kulitoa ni kazi.

Wakubwa pia huteleza hapa. Marekani ilipofungua tovuti yake ya bima ya afya, HealthCare.gov, tarehe 1 Oktoba 2013, siku ya kwanza watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo uamuzi wa dakika za mwisho wa kumlazimisha kila mtu afungue akaunti kabla ya kuona bei. Foleni yote ikakwama mlangoni. Uamuzi wa namna hiyo ungeweza kugombewa kwenye karatasi kwa kalamu na kifutio. Nawe usimdai mgeni wa Paje neno la siri kabla hajajua ziara ni shilingi ngapi.

Michoro ya kurasa ichore kwa mkono, miraba na mistari tu, kisha mpe mwongozaji akuonyeshe kwa kidole angebonyeza wapi. Atakapositasita, hapo pana kasoro.

Baadaye muulize mwenye shamba nani atakuwa akibadilisha maneno. Zanzibar ilipoanza, Oktoba 2024, kuwataka wageni kutoka nje wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, kila ukurasa wa "kabla hujasafiri" ulipitwa na wakati siku hiyohiyo. Kama hakuna mtu wa kuushughulikia, ni afadhali usiwepo. Picha nazo: zile za karafuu zikianikwa kwenye majamvi hupigwa msimu wa mchumo, kwa hiyo kama mnazitaka, ratiba ya kazi iufuate msimu.

Malipo na tarehe za kazi viandikwe kwenye mkataba, hilo linajulikana. Linalosahauliwa ni jina la kikoa. Lisajiliwe kwa jina la shamba na barua pepe ya shamba, si ya kijana aliyeitengeneza tovuti, ambaye mwakani huenda akapata kazi Dar es Salaam au Muscat na kubadilisha namba ya simu.