Uchaguzi wa Mashine ya DJ kwa Chama cha Msingi

Katika kata ya Mlabani mjini Ifakara, kama ilivyo kwingineko katika Bonde la Kilombero, harusi nyingi hungoja mpunga utoke shambani. Mkulima akishauza magunia yake, ndipo turubai husimamishwa uani, viti hukodishwa na muziki hutafutwa. Chama cha msingi chenye viti na maturubai ya kukodisha hakikosi mwanachama wa kuuliza mkutanoni: kwa nini fedha ya muziki iende nje ya chama? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, kabla Bodi haijapewa idhini ya kununua, yafaa wanachama waelewe ni kitu gani hasa kinachonunuliwa, maana fedha itakayotoka ni ya jasho lao.

Zamani mpiga muziki wa disko alikuwa na gramafoni mbili na mixa katikati yake. Santuri moja ikichezwa, ya pili ilitayarishwa kwa kusikilizwa katika hedifoni. Kontrola imekusanya vyombo hivyo katika kisanduku kimoja: magurudumu mawili mahali pa santuri, na mixa katikati. Lakini ndani ya kisanduku hicho hamna wimbo hata mmoja. Nyimbo zimo katika kompyuta, programu ndiyo inayozipiga, na kontrola ni mikono tu ya kuiamrisha programu hiyo. Hapo ndipo hesabu za wengi huharibika. Bei inayotajwa dukani ni ya kisanduku, wala si ya muziki. Kompyuta, spika, amplifaya, maikrofoni na nyaya hulipiwa mbali, na programu nyingine hudai malipo kila mwezi.

Kwa vijana wanaojifunza na kwa sherehe za uani, kontrola ndogo yenye njia mbili hutosha. Mfano wake ni Pioneer DDJ-FLX4, iliyotolewa mwaka 2022, ambayo hutumia programu ya rekordbox au Serato DJ Lite bila malipo ya ziada. Upungufu wake uko nyuma, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami. Tundu zake za kutolea sauti ni zile za RCA, nyekundu na nyeupe, ambazo waya wake ukivutwa mbali huanza kuvuma. Tena ina tundu moja tu la maikrofoni. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa katika harusi mshereheshaji huongea karibu sawa na muziki unavyopigwa, na bado wazee wanangoja kutoa nasaha.

Kontrola kubwa yenye njia nne, kama DDJ-FLX10 ya mwaka 2023, huondoa kasoro hizo. Ina matundu mawili ya maikrofoni, na tundu za XLR ambazo waya wake huweza kwenda mbali ukumbini bila mvumo. Lakini zile njia nne zenyewe ni fahari zaidi kuliko haja. Mpiga muziki wa harusi hupiga wimbo mmoja na kutayarisha mmoja. Hata singeli, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika, hudai mkono mwepesi wala haidai njia nyingi.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni umeme. Vituo vya Kidatu na Kihansi viko jirani, lakini hilo halizuii umeme kukatika katikati ya keki. Kontrola ndogo hupata nguvu zake kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Umeme ukizimika huendelea kuwaka, mradi betri ya kompyuta ni nzima. (Kompyuta iliyotumika mara nyingi betri yake imekwisha kufa.) Kontrola kubwa yenye adapta yake huzimika papo hapo, na jenereta likiwashwa hapana budi kuanza upya huku wageni wakitazama.

Iko pia aina ya tatu, isiyohitaji kompyuta kabisa. Denon DJ Prime GO, iliyotoka mwaka 2020, husoma nyimbo moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ina matundu mawili ya maikrofoni, na betri yake hudumu hadi saa nne hivi ikiwa mpya. Bei yake ni kubwa kuliko ya kontrola ndogo, ila anayelinganisha ajumlishe kwanza bei ya kompyuta upande wa pili. Spika zitanyamaza pale pale zisipokuwa na betri zake. Kinachookolewa ni ule muda wa kuanza upya.

Chama kinachotaka kukodisha kwa fedha kitafaidika zaidi na aina hii ya tatu, au na kontrola ndogo pamoja na mixa ya pembeni kwa ajili ya maikrofoni. Hesabu hiyo yote iwekwe mbele ya Mkutano Mkuu, ambao kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ndio wenye mamlaka ya juu katika chama, na ndani yake iwemo gharama ya kibali cha kupiga muziki hadharani kinachotakiwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999.

Wajumbe watakaotumwa kununua waende na kompyuta ya chama na nyimbo za chama, waombe mashine ifungwe kwenye spika, kisha wamwambie muuzaji achomoe waya wa umeme ukutani, wasikilize ni kipi kinachonyamaza.