Moshi wa Udi Unafanya Nini Ndani ya Mapafu?



Kufukiza udi na ubani ni ada yetu, siku ya Ijumaa, arusini, na kwa mzazi aliye ndani ya arubaini. Harufu nzuri aliipenda Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na makala hii haikuja kuharamisha chetezo. Inahusu moshi wake.

Kila kinachoungua, iwe kuni, mkaa au udi, hutoa chembe ndogo sana. Nyingi hazifiki maikromita 2.5; unene wa unywele mmoja ni takriban mara 30 ya hapo. Pua haiwezi kuzizuia, hivyo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huko Allah amejaalia seli za kinga ziitwazo makrofaji. Kazi yao ni kumeza vijidudu na kuviyeyusha. Lakini masizi hayayeyuki. Makrofaji iliyojaa masizi humwaga kemikali za kuita seli nyingine zije kusaidia, na njia za hewa huvimba ijapokuwa hakuna kijidudu cha kuuliwa. Moshi ukiwa wa kila siku, uvimbe hautulii. Athari yake huingia katika damu, ikawa rahisi kuganda, na hapo ndipo moyo na kiharusi vinapohusika. Tena makrofaji zilizoshiba masizi hudhoofika mbele ya bakteria, jambo la hatari kwa mtoto mchanga.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichapisha uchunguzi wa udi na bukhuri za Falme za Kiarabu. Seli za mapafu ya binadamu zilizowekwa kwenye moshi huo zilionyesha uvimbe unaofanana na ule wa moshi wa sigara.

Wala fiqhi haikughafilika. Baadhi ya wanachuoni wamesema aliyefunga akivuta moshi wa bukhuri kwa makusudi amefungua, kwa kuwa moshi una kiwiliwili kinachofika ndani.

Kujifukiza ni jambo la kupendeza. Kumkinga mtoto na madhara ni wajibu, na wajibu hutangulia. Basi mama na mwanawe watoke kwanza chumbani, madirisha yafunguliwe, warudi moshi ukishaisha. Nguo zifukizwe barazani. Penye mgonjwa wa pumu, nyumbani au msikitini, mafuta ya udi yanatosha.

Wa Allaahu A'lam.