Kabla hujainua tuta la mboga, chimba shimo kwanza

Ukipita siku hizi mitaa ya Mtwapa, Kisauni, Likoni hadi Ukunda, si ajabu kukuta uani mwa watu tuta la mboga lililojengwa juu ya ardhi, likazungushiwa mawe au mbao na kujazwa udongo. Ni jambo jema. Mboga nyingi tunazokula hapa Pwani husafiri mbali kabla ya kufika mezani. Kabichi na viazi hutoka nyanda za juu, na nyanya na vitunguu huja Kongowea kutoka Taveta, Loitoktok na hata Tanzania. Mvua ikiharibu barabara au mafuta yakipanda, bei hupanda papo hapo. Mwenye mchicha wake uani ana ahueni.

Lakini ushauri mwingi tunaoupata kuhusu matuta haya, uwe wa redioni, wa simuni au wa jamaa aliyerudi kutoka bara, umetolewa na watu wenye udongo mwingine na mvua nyingine. Pwani yetu ina tumbawe, mchanga, visima vya maji ya chumvi na jua la kaskazi. Nimekuwa nikilima matuta nyumbani kwa miaka kadhaa, nikawasaidia na majirani kujenga yao, na neno langu kubwa leo ni hili: si kila ua unahitaji tuta la kuinuliwa, na unaohitaji, basi tuta lijengwe kwa hali ya hapa.

Jirani yangu mmoja alinunua lori la udongo mwekundu, akalipa fundi na mawe, akainua matuta manne yanayofika kiunoni. Kufika Februari akawa anamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya mkokoteni, na bado sukuma wiki imelala. Aliponiita nilichimba kando ya tuta lake, nikakuta mchanga mlaini unaoshuka chini bila mwamba wowote. Alijenga vizuri, ila tuta la juu halikuwa dawa ya ua wake.

Shimo linakwambia nini

Chukua jembe na mtaimbo, chimba shimo la futi mbili mahali unapotaka kupanda, kisha mimina ndoo nzima ya maji humo. Utapata mojawapo ya majibu matatu.

La kwanza, umegonga tumbawe kabla ya kufika urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Hali hii ni ya kawaida katika ukanda ulio karibu na bahari. Mizizi haina pa kwenda, na hapo inua tuta bila kusita. Jibu ni hilohilo kama ua wako una sakafu ya saruji.

La pili, maji yamesimama shimoni na baada ya saa kadhaa bado yapo. Huo ni udongo mfinyanzi au mahali pa bondeni. Mvua za masika zikija, hasa mwezi wa Mei ambao kwetu huwa na mvua nyingi kuliko miezi yote, mizizi itaoza. Hapo pia inua.

La tatu, maji yamezama mara moja na chini yote ni mchanga. Hapo usiinue. Tuta la juu hukauka haraka kuliko ardhi ya kawaida kwa sababu upepo na jua hulipiga kila upande, na mchanga ulio chini yake hauyazuii maji. Fanya kinyume chake, yaani tuta la kuzama. Chimba kina cha sentimita 40, tandika makumbi ya nazi chini, changanya mchanga ulioutoa na samadi nyingi iliyooza, kisha urudishe hadi tuta libaki chini ya njia kwa kama sentimita 10. Kila tone la mvua litakimbilia humo. Gharama yake ni jasho na samadi tu.

Vipimo visivyokuumiza

Kama jibu lako ni kuinua, upana uwe mita 1.2, usizidi. Mkono wa mtu mzima hufika kama sentimita 60 bila kujikaza, kwa hiyo kutoka pande zote mbili utafika katikati bila kukanyaga ndani. Udongo usiokanyagwa ndio faida kubwa ya tuta. Likiwa kando ya ukuta wa ua, upana uwe sentimita 60 tu. Usiliegemeze kwenye ukuta wa nyumba, kwa kuwa unyevu utapanda ukutani na rangi itabambuka. Kati ya tuta na tuta acha nusu mita ya njia.

Kina cha sentimita 30 chatosha mchicha, kunde za majani, spinachi na sukuma wiki. Nyanya, biringani na karoti zataka 45. Kufika kiunoni ni kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kuinama. Kwa wengine ni kununua udongo usiohitajika.

Tuta la mita 3 kwa 1.2 lenye kina cha sentimita 30 linachukua kama mita moja ya ujazo ya udongo. Kwa wilbaro ya lita 60, hizo ni wilbaro 18. Nusu yake, yaani 9, iwe udongo mwekundu au udongo wa juu wa shambani. Robo iwe samadi iliyooza na robo iliyobaki iwe mboji. Piga hesabu hiyo kabla hujamwita mwenye lori, maana lori zima laweza kuwa zaidi ya unachohitaji, na jirani mkagawana.

Kuta za tuta zijengwe kwa mawe ya tumbawe, ndiyo yaliyo karibu nasi, na hata vipande vilivyobaki kwa fundi vinafaa. Mbao za mnazi ni rahisi kupata, lakini zikigusana na udongo mbichi huoza na kuliwa na mchwa, basi ujue utazibadilisha. Usitumie nguzo kuukuu za stima zilizopakwa dawa, mbao zenye rangi ya zamani, wala vipande vya asbesto vilivyotoka paani. Hicho ni chakula cha watoto wako unachokipanda. Kama tuta limekaa juu ya saruji, acha matundu chini ya kuta maji yapate kutoka.

Mchanga wa ufuoni usiutie kabisa. Una chumvi, na umejaa vipande vya kombe na tumbawe. Ukihitaji mchanga wa kulegeza udongo mfinyanzi, tafuta wa mtoni. Makumbi nayo ni hazina: yaloweke katika maji baridi, uyatandike chini ya tuta, yatashika maji kama sifongo. Ila yale yaliyozikwa kwenye matope ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba yaache, yamekunywa chumvi.

Jivu na tumbawe

Wengi tumefundishwa kutia jivu la kuni kwenye bustani. Kwenye udongo wenye asidi, kama ulivyo sehemu nyingi za nyanda za juu, jivu husaidia kwa sababu hupunguza ule ukali. Huku kwetu mambo ni tofauti. Wazee wetu walikuwa wakichoma matumbawe na kupata chokaa ya kujengea, na nyumba za mawe za Lamu na magofu ya Gede ni ushahidi. Maana yake ni kwamba tumbawe ni chokaa tangu awali. Tuta lililokaa juu ya mwamba wa tumbawe na kuzungukwa na mawe yaleyale lina chokaa ya kutosha, na ukiongeza jivu unazidisha.

Dalili utaiona kwenye majani machanga. Yanageuka manjano lakini mishipa yake inabaki kijani. Mmea una njaa ya madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila chokaa imekifunga, mizizi haiwezi kukichukua. Ukiongeza maji huponyi, na mbolea ya dukani yenye naitrojeni peke yake haitoshi. Dawa ya taratibu ni mboji na samadi iliyooza, kila msimu, bila kuchoka. Zikioza huufanya udongo ukiachilie chuma hicho.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi irundikwe kivulini miezi miwili au mitatu kabla ya kutumika. Ikiwa bado ina joto na harufu kali, haijawa tayari. Ya kuku ni kali zaidi; itie kidogo, tena iliyokwisha kuoza, la sivyo itaunguza miche.

Maji ndiyo gharama yenyewe

Mawe unanunua mara moja. Maji unanunua kila siku, na hapa ndipo matuta mengi hufa. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, bustani ya mboga hupoteza kama lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta letu lina mita za mraba 3.6, kwa hiyo ni lita 18, karibu mtungi mmoja wa lita 20. Matuta manne ni mitungi minne kwa siku, 120 kwa mwezi. Kama unanunua maji kwa mtungi, zidisha kwa bei ya mtaani kwako kabla hujaamua idadi ya matuta. Kwa familia nyingi tuta moja au mawili yaliyotunzwa yana faida kuliko manne yaliyokauka.

Ili kupunguza, funika udongo kwa matandazo. Majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, hata makuti chakavu yaliyokatwakatwa yanafaa, unene wa vidole vinne. Kivuli cha makuti juu ya miche saa za mchana husaidia pia. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yaende tutani, lakini ya sabuni ya kufulia yasiende.

Tuta lisiwe chini ya mwarobaini. Mkilifi huo, kama wengine tunavyouita, utapeleka mizizi juu kutafuta maji yako na utakunywa kabla ya mboga. Majani yake ndiyo ya kutumia: yatwange, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni dhidi ya vidukari.

Wenye visima wana jambo jingine. Maji ya kisima karibu na bahari huzidi chumvi kiangazi kinapoendelea. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na kingo za majani zimeungua, ni chumvi hiyo. Usinyunyizie majani, mwagia chini. Usimwagie kidogokidogo kila saa, maana maji hukauka na chumvi hubaki. Mwagia kwa wingi mara moja ili ishuke chini ya mizizi. Mvua ikinyesha, iache ilisuuze tuta. Hapo tuta la kuinuliwa lina sifa yake, kwa sababu lina njia ya kutoa maji.

Na chagua mmea unaovumilia. Maharagwe, karoti na vitunguu huumia upesi kwa chumvi. Mchicha, kunde na spinachi huvumilia zaidi. Si bahati kwamba mchicha na kunde ni mboga za Pwani tangu zamani. Mchicha utaanza kuuchuma wiki tatu au nne baada ya kusia, na ukikata kwa kisu ukaacha kisiki, utachipua tena.

Baada ya msimu mmoja tuta litakuwa limeshuka, maana mboji huoza na kupungua. Usihofu wala usinunue udongo tena. Jazia mboji na samadi, basi.

Kilimo kimekuwa kazi ya serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, na Mtwapa tuna kituo cha utafiti cha KALRO. Kwa maoni yangu, kampeni yoyote ya bustani za nyumbani katika kaunti zetu ianze na kupima udongo na maji ya mtaa husika, ndipo watu wagawiwe miche. Afisa wa kilimo wa wadi yako ni mtumishi wako. Mwendee umuulize kuhusu chokaa na chumvi ya mahali unapoishi. Akija nyumbani, mwonyeshe shimo.

Vuli huanza Oktoba. Ukichimba shimo sasa na kurundika samadi leo, mvua itakukuta na tuta moja lililo tayari. Anza na hilo moja.