Rangi Zinazompendeza Mama Mtu Mzima

Katika maduka ya vitambaa ya Busia, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, na katika mji jirani wa Tororo, rangi ni tele. Hata hivyo, akina mama wengi wakishapata wajukuu huzipita zote wakachukua kijivu au hudhurungi, kwa kuambiwa kwamba rangi ni mambo ya vijana. Ushauri huo hauna msingi. Umri haumnyimi mama rangi, bali humbadilisha uso. Nywele huingia mvi na ngozi hupungua mng'ao. Hivyo rangi iliyompendeza zamani yaweza kumfubaza leo, na ile aliyokuwa akiikwepa ikamkubali.

Kosa la rangi ni ghali hasa katika gomesi. Vazi hilo la heshima, lililopata jina lake kwa Gomes, fundi cherehani wa Kigoa aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza mwaka 1905, huhitaji hadi mita 6 za kitambaa. Katika nyumba inayotegemea mshahara mmoja wa askari, mita 6 za rangi isiyofaa huishia sandukuni, na siku ya arusi mama huazima.

Taa za dukani hudanganya. Yafaa mama aombe kulitoa pindo la kitambaa mlangoni, penye mwanga wa mchana, alishike chini ya kidevu, na mwenziwe amtazame. Jicho la mwenziwe likivutwa kwanza na kitambaa, rangi imemzidi. Likienda usoni, imemkubali.

Kwa kawaida, mama mweusi sana hupendezwa na samawati iliyokoza, rangi ya chungwa na damu ya mzee. Mwenye maji ya kunde hupendezwa na kijani cha majani mabichi na zambarau. Mvi hung'aa kando ya buluu au nyeupe safi, lakini kijivu huzififisha. Mama mnene achague mshipi unaokaribiana na rangi ya gomesi, kwani mshipi unaometameta huita macho tumboni.

Kitambaa cha kijivu kilichokwisha kununuliwa kisitupwe. Leso ya rangi nzuri mabegani yatosha kuuangaza uso.

Katika mitumba, mama ajihadhari na nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata zikimpendeza. Sheria za Uganda na Kenya humkataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi.

Na bwana aliye kazini mbali, akitaka kumpelekea mkewe kitambaa, asikisie. Achukue kipande cha nguo ambayo mama huivaa kwa furaha, akakilinganishe dukani. Zawadi iliyochaguliwa hivyo huvaliwa; haiozi sandukuni.