Je, Wajua? India ya Kale Imo Pumwani

Ukitoka Majengo ya Pumwani, hapa Nairobi, ukashuka Gikomba, kisha ukakata kwenda Kariokor, umepita katikati ya historia ya India ya kale. Je, wajua kwamba…

• Wimbi unaopimwa kwa gorogoro pale Gikomba ni mmea wetu? Ulianza kulimwa nyanda za juu za Uganda na Ethiopia, ukavuka bahari zama za kale. Leo watu wa Karnataka, kusini mwa India, husonga unga wake na kuula kwa mchuzi.

• Mtama nao ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan yapata miaka 5,000 iliyopita, kisha ukafika India?

• India nayo ilitulipa? Ng'ombe wa nundu, ambao nyama yao hujaa Soko la Burma, asili yao ni bonde la mto Indus. Ufuta pia ulitoka huko.

• Mji wa Mohenjo-daro wa bonde hilo la Indus, ulioko Pakistan ya leo, ulistawi kati ya 2600 na 1900 KK ukiwa na visima, vyoo na mitaro ya majitaka iliyofunikwa kwa matofali? Matofali yenyewe yalifuata kipimo kimoja: upana mara mbili ya kimo, urefu mara mbili ya upana.

• Wafanyabiashara wa Indus walipima bidhaa kwa mawe ya mizani yaliyochongwa kwa umbo la mchemraba, na katika yale madogo kila moja lilikuwa na uzito maradufu ya lililotangulia? Maandishi yao, hata hivyo, hayajasomeka mpaka leo.

• Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, Periplus, kinaitaja Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki, na pia Barygaza, ambayo ni Bharuch ya Gujarat? Mchele, samli na nguo za pamba zilitoka huko kwenda bandari za Somalia.

• Mfalme Ashoka wa India ya kale aliiteka nchi ya Kalinga mnamo 261 KK, akajuta, na majuto yake akayachonga mwambani? Maandishi hayo yanataja watu 100,000 waliouawa. Baadaye alieneza mafundisho ya Buddha, akachimba visima na kupanda miti kando ya barabara.

• Dini ya Wajaini, iliyoenezwa na Mahavira enzi za Buddha, inakataza kudhuru kiumbe chochote? Waumini wake wako Nairobi hii hii. Wengi ni Waoshwal, ambao wazee wao walitoka vijiji vya Jamnagar, Gujarat.

• Desturi ya Wahindu ya kuchoma maiti ina zaidi ya miaka 3,000? Kituo chao kiko Kariokor, na ndiko mwili wa Profesa Wangari Maathai ulikochomwa Oktoba 2011.

• Tarakimu zote, 0 hadi 9, zilizoandikwa kwenye matatu na risiti zako chimbuko lake ni India? Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa sifuri.

Basi mzazi na mwalimu wa Eastlands, mfundishe mtoto kwamba bara letu halikukaa likisubiri kuletewa. Tuliwalisha wengine, nao wakatulisha. Anza na uji wake wa asubuhi: mwambie wimbi ule umesafiri wapi.