Chai, maharagi na damu ya mwili

Katika makanisa yetu ya mashariki ni vigumu kukuta mkutano usio na termosi ya chai. Tunaikunywa baada ya ibada, kwenye matanga, kwenye mafundisho ya akina mama, na nyumbani kila asubuhi. Ni kinywaji kizuri. Lakini saa ya kuinywa ina maana kubwa kwa afya, hasa kwa wajawazito na watoto, na jambo hili watu wengi hawajafundishwa.

Kwanza, tunakunywa nini? Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ile ya Wachina iitwayo oolong, zote zinatoka kwenye mmea mmoja, ule ule unaolimwa kwenye milima ya Kivu. Kinachozitofautisha ni kazi ya kiwanda. Majani ya chai nyeusi husagwa na kuachwa yashike hewa mpaka yageuke rangi, ndipo yakaushwe. Ya kijani hupitishwa haraka kwenye joto ili yasigeuke. Oolong iko katikati, na nyeupe ni machipukizi machanga yaliyokaushwa tu.

Mchaichai na tangawizi ni mimea mingine, haina kafeini. Artemizia nayo watu huiita chai, na wengine huinywa wakidhani inatosha kuponya malaria. Ni kweli kwamba dawa za malaria zimetokana na mmea huo. Lakini kikombe hakina kipimo cha dawa, na Shirika la Afya Duniani halikubali majani hayo yatumiwe kutibu malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe damu.

Faida za chai zipo. Hata maji yake tu, kwa kuwa yamechemshwa, ni faida kwetu tunaoijua kolera. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu karibu 500.000 wa Uingereza, ulionyesha kwamba waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikufa kidogo kuliko wasiokunywa. Haithibitishi kwamba chai ndiyo iliyowalinda, lakini inatuondolea hofu. Sukari tunayojaza kikombeni ni habari nyingine!

Sasa tuje kwenye damu. Ule ukali wa chai unaokausha ulimi unatokana na kitu kiitwacho tanini. Kikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyo katika maharagi, sombe na lenga-lenga, hushikamana nayo, na sehemu kubwa ya chuma hicho hutoka nje bila kuingia mwilini. Chuma cha nyama na samaki hakizuiliwi hivyo, lakini ni nyumba ngapi zinazopika nyama kila siku? Mwili hutumia chuma kutengeneza damu. Mama mwenye mimba aliyepungukiwa damu yuko hatarini siku ya kuzaa, hata akitokwa na damu kiasi ambacho mwingine angevumilia.

Kwa hiyo tuache saa moja hivi kati ya chai na chakula, kabla au baada. Maziwa hayaondoi shida hii, wala chai ya kijani si tofauti. Vidonge vya chuma ambavyo waganga huwapa wajawazito vimezwe kwa maji, kamwe si kwa chai. Chungwa, pera au limao pamoja na chakula husaidia chuma kiingie.

Mtoto chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo anahitaji uji, si chai ya rangi yenye sukari.

Kwenye mikutano yetu tunaweza kugeuza utaratibu bila gharama yoyote: chai itolewe watu wanapofika, mafundisho yafuate, na maharagi yaje mwisho. Kama kuna machungwa, yawekwe karibu na sahani, si karibu na termosi.