Azoti huingia pole pole, inataka kutoka pole pole

Ndugu zetu wanaozama mtoni na kompresa juu ya kutafuta dhahabu ao almasi, mara nyingine wanatoka wazima, wanacheka. Baada ya nusu saa, magoti na mabega yanaanza kuuma. Nyumbani watu wanasema ni baridi, ao ni walozi. Ni hewa. Tena wa kwanza kuandikwa na ugonjwa huu walikuwa watu wa mina.

Mwaka 1839, kule Chalonnes nchini Ufaransa, injinia Triger alitafuta makaa ya mawe chini ya mchanga uliojaa maji ya mto Loire. Akateremsha bomba kubwa la chuma, akasukuma ndani hewa yenye nguvu ili ifukuze maji. Kazi ikaendelea. Lakini wafanyakazi wawili waliokaa saa 7 katika hewa ile walishikwa na maumivu makali ya viungo, walipokuwa wamekwisha kutoka.

Juu ya nini? Katika hewa tunayovuta, 78% ni gazi ya azoti. Mwili hauitumii. Lakini kila metre 10 za maji zinatukandamiza karibu sawa na hewa yote iliyo juu yetu, na azoti inayeyuka ndani ya damu kama gazi katika chupa ya Simba. Damu na ubongo vinajaa mbio. Mafuta yanajaa pole pole, lakini yanabeba azoti karibu mara 5 kupita maji. Fungua chupa ghafula, utaona povu. Mwaka 1878, Mfaransa Paul Bert alionyesha kwamba mapovu ya azoti ndiyo yanayoumiza na kupoozesha.

Mwaka 1908, Haldane wa Uingereza alijaribu na mbuzi, akahesabu: kuna sehemu za mwili zinazojaa nusu kwa dakika 5, zingine kwa dakika 75. Kutoka ni vile vile. Ndiyo maana mzamiaji anapanda kwa vituo, anangojea.

Anayeshuka katika galeri ya kawaida asiogope: metre 100 za shimo zinaongeza nguvu ya hewa karibu 1% tu.

Kwenu wamama: mzee akitoka majini na kulalamika viungo, ganzi ao miguu mizito, musingoje asubuhi. Asirudi majini kujiponya. Mpelekeni hospitali apewe oksijeni, na mumwambie munganga alizama metre ngapi, kwa muda gani.